Wasomaji Wawili Kwenye Meza ya Swichibodi

Kwa miaka tisa nilikuwa mtu wa kwanza kusikika katika hoteli ile ya Diani, na mtu wa mwisho kuonekana. Chumba changu kilikuwa nyuma ya mapokezi, hakina dirisha, nami sikulihitaji. Ndani mlikuwa na meza, kiti, feni iliyolalamika mchana kutwa, na swichibodi ya simu ambayo vidole vyangu viliijua kuliko vinavyoujua uso wangu mwenyewe. Simu ikiingia naitikia, nauliza anayetakiwa, nabonyeza kitufe, namwachia. Nambari za vyumba, za jikoni, za daktari wa Ukunda na za madereva wa teksi zote zilikuwa kichwani. Sioni tangu nina miaka minne, surua iliondoka na macho yangu, na kazi ya simu ndiyo waliyotufundisha wengi wetu shuleni, utadhani Mungu akimnyima mtu macho humpa waya wa simu badala yake. Lakini niliipenda, na nilikuwa hodari. Wala sijisifu, waulizeni waliokuwapo.

Siri ya uhodari wangu ilikuwa kutopoteza wakati. Mtu akipiga simu na kuanza hadithi ndefu, mimi nikishasikia neno moja ninalolihitaji, chumba au jina, namkata katikati kwa adabu na kumpeleka anakokwenda. Wageni walisema sijawahi kuwasubirisha. Hilo likumbukwe, maana ndilo lililokaribia kunitoa kazini.

Mwishoni mwa miaka ya tisini meneja aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa bara, wazazi wake walipewa shamba upande wa Shimba Hills naye akakulia huko huko Kwale, lakini Kiswahili chake hakikukubali kushuka mlima. Nilimpa salamu zangu zote, zake yeye, za watoto na za kazi, akazipokea kwa haraka haraka, ndipo akasema.

"Sasa, hii swichibodi tunatoa. Inakuja ingine, wageni watakuwa wanajipigia wenyewe kutoka kwa room."

Nikamwuliza mimi nitajipigia nini.

Hakucheka. Akaniambia kwamba siku hizi watu wa nje hawapigi simu tena kuomba vyumba, wanaandika barua pepe, na hoteli inahitaji mtu wa kukaa na kompyuta, kuzijibu, na kuwatafutia wageni habari kwenye intaneti: ndege, hali ya hewa, saa za maji kujaa na kupwa. Alisikia kwamba kuna vipofu wanaotumia kompyuta inayosema. Kama ningeweza kuifanya kazi ile peke yangu, bila mtu wa kukaa kando na kunisomea, kazi ilikuwa yangu. Kama nisingeweza, msimu mkubwa ukianza hakuwa na mahali pa kuniweka. Alinipa wiki sita.

Siku ile nilitamani kummwagia chai. Baadaye nilimheshimu, kwa sababu hakuzungukazunguka na hakunionea huruma. Lakini hilo lilikuwa baadaye.

Chama kimoja cha wasioona cha Mombasa kilimtuma mwalimu. Alikuwa kijana wa bara, kipofu kama mimi, akivuka feri kila Jumanne na Alhamisi na begi la diski mgongoni. Siku ya kwanza aliingia, akagusa meza, akauliza, "Mashine iko wapi?" Hata hodi hakubisha. Nikamwambia mashine iko mezani na mimi niko kitini, aanze na mmojawapo, na aanze na yule anayejua kuitikia salamu. Tulianza vibaya.

Kwa asiyejua, kompyuta ya kipofu ni ile ile ya mwenye macho. Tofauti ni kwamba ndani yake huwekwa programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini, na badala ya kipanya, ambacho kwetu ni mzigo tu, unatumia kibodi: mshale wa chini usome mstari unaofuata, kitufe fulani usome tena, kitufe kingine unyamazishe. Mwalimu alileta programu mbili za namna hiyo, zote za kujaribu. Hoteli ingenunua moja tu, ile nitakayoichagua, na hakungekuwa na kurudisha.

Ya kwanza ilikuja na kisanduku chake cha chuma, kikubwa kama kopo la biskuti, ambacho ndicho kilichotoa sauti. Nilikipenda papo hapo. Sauti yake ilikuwa kavu na safi, kila neno limekatwa vizuri, na ukikiharakisha kilikwenda mbio bila kumeza hata silabi. Ukibonyeza kinajibu, hukisubiri. Nikasema moyoni, huyu ni mfanyakazi mwenzangu.

Ya pili haikuwa na kisanduku. Ilitumia spika za kompyuta yenyewe, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mafua aliyeamshwa kwa nguvu. Kabla ya kusoma ukurasa wa intaneti ilinyamaza, ikafikiri, nawe umekaa hujui kama imekufa au inavuta pumzi. Kila ilipofika mahali pa kubonyeza ili uende ukurasa mwingine ilitangaza "kiungo", na ilipokuta picha isiyo na maelezo ilisema "picha" na kunyamaza, kana kwamba imenijulisha jambo kubwa. Tena, kwa kuwa ilikuwa ya kujaribu, ilifanya kazi dakika arobaini tu, halafu ikajifunga, nawe uizime kompyuta na kuiwasha upya. Na zote mbili zilitengenezwa kwa Kiingereza. Zilipokutana na Kiswahili, hata "karibu" iliyoandikwa juu ya ukurasa wa hoteli yetu, zilisoma kitu ambacho sitakiandika hapa.

"Hii ya mafua ndiyo nzuri kwa intaneti," alisema mwalimu. "Kisanduku ni cha barua tu, madam. Ukurasa wa intaneti hauko kama barua. Una safu, unaelewa? Safu upande huu, safu upande ule."

Nikamwambia nimefanya kazi kwa masikio miaka tisa, hakuna atakayenifundisha kuchagua sauti. Akasema hachagui sauti, anachagua akili. Nikamwuliza kama ana maana mimi sina. Alhamisi ile aliondoka hajanywa hata chai niliyomwagizia.

Nikabaki na kisanduku. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nasoma barua pepe za hoteli peke yangu na kuzijibu kwa vidole vilivyozoea mashine ya kupiga chapa tangu shuleni. Familia zilizotaka vyumba viwili vinavyopakana, mzee aliyeuliza kama bado tuna yule mpishi wa samaki, nilimaliza wote kabla ya saa sita. Meneja alipita mlangoni akasimama, akasikiliza, akaenda zake bila neno. Kwa meneja yule, hiyo ilikuwa pongezi.

Halafu akanipa ubao wa maji.

Kando ya mapokezi kulikuwa na ubao ambao kila jioni uliandikwa saa ambayo maji yatapwa kesho yake, ili wageni wanaotaka kutembea hadi miambani wajue wakati wa kwenda. Zamani saa hizo zilitoka kwenye kijitabu, na kijitabu cha mwaka ule kilikuwa kimepotea. Meneja akasema, "Si intaneti iko? Wewe tafuta." Mwenzangu wa mapokezi ndiye aliyekuwa akiandika ubaoni ninayomtajia. Yeye alikuwa mzaliwa wa Taru, kwenye nyika kavu, mtu anayekutajia ugonjwa wa mbuzi kwa kusikia anavyokohoa, lakini bahari kwake yalikuwa maji mengi yenye chumvi tu. Alikuwa akiandika ninachosema, kwisha.

Nilipata ukurasa wenye saa za bandari nyingi za dunia. Nikashuka kwa mshale mpaka kisanduku kikasema Mombasa. Nikashuka mstari mmoja zaidi, kikasema maji kupwa, saa nane na dakika tano mchana. Nilikinyamazisha hapo hapo, kama ninavyomkata mtu wa simu nikishapata ninachotaka, nikamwita mwenzangu aandike. Kisha nikapiga simu katika vyumba vya wageni kumi na wawili waliojiandikisha kwa matembezi, nikawapa saa hiyo kwa sauti yangu bora.

Sasa nisikilizeni upumbavu wangu. Nilikuwa nakaa na mama yangu Mwabungo. Asubuhi iliyofuata, nikiwa navaa viatu, nilimsikia akichukua fimbo yake ya kuvulia pweza na kikapu.

"Mapema hivi, mama?" nikamwuliza.

"Leo bamvua, mwanangu. Mwezi una siku kumi na sita. Maji yatakauka saa nne na kitu hiyo, na nikichelewa wenzangu watamaliza mashimo yote."

Nikamwambia haya, Mungu akupe. Nikaenda kazini. Nilikuwa na saa mbili kichwani, ya mama yangu aliyetembea juu ya miamba ile miaka arobaini, na ya kisanduku cha chuma kilichoingia pwani mwezi uliopita, na wala sikuzikutanisha. Mtoto wa Mwabungo yeyote anajua kwamba siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, hupwa kabla ya adhuhuri. Mimi mwenyewe nilijua. Lakini ya mama ilikuwa habari ya nyumbani na ya kompyuta ilikuwa habari ya kazini, na katika akili yangu hazikupita mlango mmoja.

Saa nne na nusu miamba ilikuwa wazi mpaka mbali. Wale wanaume wanaowatembeza wageni walikuja kuwaita, na wageni, waliokuwa wamejilaza kando ya bwawa, wakawaonyesha ubao. Ubao ulisema saa nane, na ubao ulitoka kwenye intaneti. Saa nane wageni kumi na wawili wakashuka ngazi na viatu vyao vya mpira na kofia, wakakuta ufukwe umebaki kipande na bahari inakuja kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyeumia. Mwanamke mmoja alilowa mpaka kiunoni akacheka sana, na mumewe hakucheka hata kidogo. Mimi niliyasikia yote kutoka chumbani kwangu, pamoja na kicheko cha wale watembezaji, nikatamani ile feni inifunike.

Meneja aliniita. Kabla hajamaliza kuuliza nikajitetea.

"Kompyuta ndiyo iliyosema hivyo, bwana meneja. Mimi nilisikia sawasawa."

"Kwa hivyo hiyo kitu inadanganya."

"Ndiyo."

"Basi kama inadanganya, mimi nanunua ya nini?"

Hapo nikaona nilichokifanya. Nilikuwa nimejiokoa na aibu ya siku moja na kuitupa kazi yangu. Kama mashine ni mwongo, basi kipofu anayeitegemea hawezi kukabidhiwa barua wala ubao, na msimu ukianza nitarudi Mwabungo kumsaidia mama kupiga pweza. Nikamwambia nimesema kwa haraka, sijui bado kama mwongo ni mashine au ni mimi, anipe siku tatu nijue. Akasema, "Siku tatu. Halafu unaniambia tunanunua gani, ama hatununui."

Mama aliporudi jioni ile na pweza wanne nilimweleza. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe! Mimi nilikuambia saa nne, ukaniambia Mungu anipe!"

"Nilisahau, mama."

"Hukusahau. Hukuniamini tu. Mimi sina waya." Akaendelea kumponda pweza kwenye jiwe huku akicheka, nami nikacheka pia, lakini ndani nilikuwa nimechomwa kwa sababu alisema kweli.

Usiku ule nilifikiri jinsi ya kumpima msomaji ambaye huoni anachosoma. Jibu nililikuta chuo cha Kurani, kwa maalimu wetu wa utotoni. Kwa kuwa sikuweza kuandika kwenye ubao kama wenzangu, alinihifadhisha kwa masikio, na nilipohifadhi akanipa kazi ya kuwasikiliza wengine. Mwenzangu akisoma akaruka aya au akapeleka mstari wa sura hii kwenye sura nyingine, nilikuwa nagonga mkeka kwa kidole. Hukuhitaji macho kumshika anayekosea, ulihitaji kuwa na maneno yenyewe kifuani kabla hajafungua mdomo. Nami nilikuwa nimevisikiliza vyombo vile viwili kwa kurasa ambazo sikuzijua, nikachagua chenye sauti tamu. Maalimu angenichapa.

Kesho yake nilimwomba mwenzangu wa mapokezi anisomee ukurasa wa mwanzo wa hoteli yetu, Kiingereza chake kama kilivyo kwenye skrini, kila neno na mahali lilipo. Alinisomea mara tatu, akinung'unika kwamba wageni wanasubiri funguo. Kushoto kulikuwa na orodha: vyumba, mgahawa, bwawa, bei, mawasiliano. Kulia kulikuwa na maelezo ya ufukwe na bustani. Mara ya tatu nilikuwa nimeuhifadhi. Nikamwambia akae, asiseme chochote, nikafungulia kisanduku.

Kilisoma kwa ile sauti yake safi. Vyumba hoteli yetu iko. Mgahawa kando ya mchanga mweupe na. Bwawa bustani yenye minazi. Nikagonga meza kwa kidole, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikaacha kugonga. Kilikuwa kinasoma mstari mzima kutoka ukingo wa kushoto wa skrini hadi wa kulia, kinaruka kutoka safu hii hadi ile kama mtu anayesoma vitabu viwili vilivyowekwa ubavu kwa ubavu. Hakikuongeza neno wala kupunguza. Hakikudanganya.

Nikaurudia ule ukurasa wa maji, safari hii nikakiacha kisanduku kimalize. Mombasa lilikuwa jina la pili kwenye mstari wake, la kwanza lilikuwa la bandari nyingine ya mbali ambayo sikuijali nilipokuwa natafuta. Na mstari uliofuata ulikuwa na saa mbili. Saa nane ilikuwa ya bandari ile ya kushoto. Saa nne na nusu asubuhi, ya kwetu, ilikuja baada yake, na mimi nilikuwa nimeshakinyamazisha. Mama yangu na kompyuta walikuwa wanasema kitu kimoja. Niliyekata maneno katikati ni mimi.

"Kumbe," nikasema kwa sauti.

"Kumbe nini?" akauliza mwenzangu.

"Kumbe mimi ni mjinga wa hali ya juu."

"Hilo nalo linahitaji kompyuta?" akasema, akaenda kuwapa wageni funguo zao.

Kisha nikamfungulia mwenye mafua. Alinyamaza, akafikiri, nikamsubiri. Akaanza na orodha ya kushoto yote hadi mwisho, kiungo, kiungo, kiungo, kisha akahamia maelezo ya kulia, akasoma sentensi nzima hadi kwenye nukta. Kidole changu kilikuwa juu ya meza tayari, kikakosa kazi. Aligonga mwamba mahali pamoja tu, kwenye picha za vyumba, ambapo alisema "picha" mara sita. Kwenye ukurasa wa maji alimaliza bandari ile ya mbali, akatangaza Mombasa, na chini yake akasema saa nne na nusu. Tena alikuwa na kitufe kimoja kilichokusanya viungo vyote vya ukurasa mahali pamoja, ukaweza kuchagua bila kupekua, jambo ambalo mwalimu alikuwa amenieleza wiki tatu kabla nami nimenuna nisisikie. Dakika arobaini zilipokwisha akajifunga. Nikaiwasha kompyuta upya, nikaendelea mpaka zikaisha tena.

Niseme ukweli, iliniuma. Kwa barua kisanduku kilikuwa bora, mpaka leo nitalitetea hilo. Kwa barua ndefu ya mtu mmoja iliyoandikwa kutoka juu hadi chini, sijasikia sauti iliyonipendeza zaidi. Lakini hoteli ilikuwa inanunua moja, na kazi niliyokuwa naiombea ilikuwa ya intaneti, na intaneti ina safu.

Alhamisi mwalimu alipokuja nilimpokea mlangoni. Nikamwambia chai iko tayari na kwamba alisema kweli kuhusu safu. Nilikuwa nimejiandaa kwa majivuno yake, nimeshapanga hata jibu. Hakujivuna. Alikaa, akapuliza chai, akasema, "Hata mimi nyumbani natumia kisanduku. Kwa barua za mama. Ile ingine siwezi kuvumilia ikisoma barua ya mama." Tukacheka sana. Kuanzia siku hiyo alikuwa akibisha hodi, nami nilikuwa nikimwacha amalize anachosema.

Siku ya tatu nilikwenda kwa meneja. Nilimweleza yote, hata lile la kunyamazisha, bila kulipaka rangi. Nikamwambia mashine haikudanganya, mimi nilikata maneno, na kwamba ninachagua ile yenye sauti mbaya. Akaja chumbani kwangu, akavuta kiti, akaniambia nimtafutie kitu ambacho hakuna aliyenisomea: hoteli nyingine ya pwani, yoyote, na kama inapokea watoto bila malipo.

Nilibonyeza. Modemu ikapiga kelele zake, ukurasa ukaanza kuingia. Mwenye mafua akanyamaza. Kimya kikarefuka, nikasikia meneja akijisogeza, halafu akaanza kunisomea yeye, kwa wema kabisa, "Hapa juu wameandika karibu, halafu hapa..."

"Bwana meneja," nikasema, "tafadhali niachie."

Akaacha. Sauti ile mbaya ikaamka. Nikafungua orodha ya viungo, nikachagua wa bei, nikasikiliza mpaka mwisho, nikamwambia: watoto chini ya miaka mitano hawalipi, lakini sikukuu za Desemba wanalipa. Nikamsikia akisogeza miwani yake karibu na skrini kuhakikisha. Alichukua muda mrefu kuliko mimi kuipata ile sentensi.

"Ni ukweli," akasema. "Mimi nitaongea na wenye hoteli." Akaondoka.

Zikapita siku nne ambazo sikuwa na raha. Nilijibu barua, niliandikisha ubao wa maji, na kila jioni nilimwuliza mama kabla ya kumwamini mtu yeyote, naye akajifanya mtu wa kuombwa. Swichibodi mpya ilikuwa imeshafika, iko ndani ya makasha kwenye korido, na kila nikipita niliipiga kwa goti.

Siku ya tano, asubuhi, nilifungua barua pepe za hoteli. Ya kwanza iliulizia kitanda cha mtoto mchanga. Ya pili iliulizia gari la kutoka uwanja wa ndege. Ya tatu ilikuwa na jina la meneja mwenyewe, aliyekuwa ameketi milango minne kutoka kwangu, na kichwa chake, kwa Kiingereza, kilikuwa: kuhusu kazi yako. Mwenzangu alikuwa chumbani akitafuta karatasi za kodi ya vyumba. Nikachomeka hedifoni, nikazivaa, na kidole kikakaa juu ya mshale bila kuubonyeza.

Haikuwa hofu ya kazi peke yake. Matokeo yangu ya mtihani alinisomea mwalimu mkuu, wenzangu wote wanasikiliza. Barua ya posa aliisoma mjomba mbele ya mama na shangazi, nami nikaitwa baadaye. Barua ya talaka alinisomea jirani, akakohoa kwanza, na kwa kule kukohoa nikajua. Habari zote kubwa za maisha yangu zilinifikia zimekwisha kupita kwa mtu mwingine, akazijua kabla yangu, akapanga sauti ya kunipa. Hii hakuna aliyekuwa ameipitisha. Ilikuwa imelala pale ndani inanisubiri mimi.

Nikabonyeza mshale wa chini. Sauti ya mafua ikanisomea mstari kwa mstari, nikauacha kila mstari umalizike. Wenye hoteli wamekubali. Programu itanunuliwa. Kuanzia mwezi unaofuata mimi ndiye wa barua na intaneti, chumba ni kile kile, na feni itabadilishwa. Nilirudi juu nikasoma tena. Nikarudi mara ya tatu, kwa sababu naweza.

"Mbona umekaa hivyo?" mwenzangu akauliza. "Kuna nini?"

"Nasoma barua yangu," nikamwambia.

Kama meneja alifanya makusudi kuniandikia badala ya kuniita, sijui, sikuwahi kumwuliza. Mwenzangu alisubiri niseme, nilipokaa kimya akachukua karatasi zake akatoka. Nilikaa na habari yangu mpaka chakula cha mchana, peke yangu. Halafu nikavua hedifoni, nikaenda mapokezi kumwambia mwenzangu.